Uso Juu ya Jeneza la Baba

Jesionka, wiki moja baada ya mazishi

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba uvimbe wa miguu umepungua tangu baridi ilipokaza. Padre Cyriak aliniambia kuwa sasa unakwenda kanisani bila kushikwa mkono, na kwamba masista wanakupikia uji wa shayiri kwa maziwa kama unavyoupenda. Nilifurahi kusikia hivyo. Sisi huku hatujambo. Bibi Petronela wa jikoni anakusalimu. Anasema mgongo wake utamtangulia kaburini, yeye mwenyewe atafuata baadaye. Mbwa wa Baba bado analala mbele ya mlango wa chumba chake, na hakuna aliyepata moyo wa kumfukuza.

Baba tumemzika. Uliomba nikueleze kila kitu kwa kuwa miguu haikukuruhusu kuja, nami sikuchelewa kwa uvivu. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka. Leo nitaandika mpaka mwisho, na nakuomba usome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuikunja karatasi.

Unakumbuka tulivyomshusha Baba katika chumba cha chini ya kanisa majani yalipokuwa yakipukutika, tukisubiri baridi igandishe njia ili wageni wa mbali waweze kufika. Siku uliyoondoka kwenda kwa masista, kabla ya kupanda gari la farasi, ulinishika mabega ukanikataza tena nisiolewe na Hipolit Modrzycki. Nilikuuliza sababu. Ukasema nichague nyumba nyingine yoyote, hata ya maskini. Nilipokuuliza mara ya pili ulifunga kitambaa chako kichwani, ukapanda. Nilikuchukia siku ile, Mama. Nimempenda Hipolit tangu tukiwa watoto wa kuiba plamu katika bustani ya baba yake. Baba mwenyewe, akiwa kitandani, aliiweka mikono yetu pamoja mbele ya Padre na mbele ya Bwana Onufry, baba yake Hipolit. Wenzangu wa rika langu wote wana watoto. Harusi ilikuwa ifungwe mara baada ya Pasaka, na barua zangu za kukuuliza kosa la nyumba ile ulizijibu kwa sala. Mjomba Kajetan alinicheka. Alisema yeye ni ndugu yako, anakujua. Ukipata mafua unamlaumu jirani.

Basi, kazi ya mazishi ikawa mikononi mwa Mjomba. Alipanga kila kitu vizuri, sitamnyima sifa hiyo: mishumaa, wapiga tarumbeta, makasisi wa parokia zote za jirani, kabichi iliyochachushwa na nyama ya nguruwe mwitu kwa watu wote mpaka maskini wa mlangoni. Likabaki jambo moja. Jeneza la mtu kama Baba haliwezi kuingia kanisani bila uso. Lazima pawe na bamba la bati lenye pembe sita, limechorwa kwa rangi za mafuta, lipigiliwe upande wa kichwa ili marehemu awatazame wanaomwombea. Na Baba, wajua, hakuwahi kukubali kuchorwa. Kila mchoraji aliyepita hapa alifukuzwa kwa kicheko. Baba alikuwa akisema kuta zake zina vichwa vya kulungu vya kutosha, hakuna haja ya kuongeza mnyama mwingine.

Mjomba akamleta fundi Walenty kutoka mbali, upande wa mto Vistula, ambaye hajawahi kukanyaga wilaya yetu wala kumjua mtu yeyote huku. Ni mtu mfupi, ana rangi mpaka ndani ya kucha, na anasema bila kupumua. Alituketisha sote ukumbini akatutaka tumweleze marehemu alivyokuwa. Mjomba akasema macho yake yalikuwa ya buluu, makali kama ya mwewe. Bibi Petronela akasema ya kijivu, na ya huruma, akaanza kulia. Msimamizi wa shamba akasema bwana alikuwa na pua kubwa. Hapo Petronela aliacha kulia mara moja, akamwambia, “Pua kubwa ni yako wewe mlevi, imevimba kama bitiruti! Ya bwana ilikuwa pua ya Kikristo.” Fundi aliweka chaki chini. Alisema kwa maelezo kama hayo anaweza kutuchorea kabati.

Ndipo Mjomba akageuka akanitazama. Baba hakuwa na ndugu wala binamu. Ukoo wa Olszycki ulikuwa umeishia kwake na kwangu. Mjomba akasema tunasumbuka bure, kwani huyu binti ni baba yake Bonawentura mtupu, amekosa masharubu tu. Hakubuni maneno hayo, Mama. Yalikuwa ya Baba. Umesahau alivyokuwa akinishika kidevu mbele ya wageni na kusema, “Tazameni, uso wangu huu, ila Mungu ameusahihisha”? Na wageni wote walikuwa wakiitikia kwamba ndivyo, ndivyo hasa. Nani angembishia mwenye nyumba, na pombe yake ya asali iko mkononi?

Hivyo nikamkalia Baba, nichorwe badala yake. Walinivika joho lake jekundu, wakanifunga mshipi wake wa hariri, upande wa rangi nyeusi ukiwa nje kwa ajili ya msiba. Kola ilikuwa bado inanuka tumbaku yake. Fundi alinifunga nywele zote nyuma kwa kitambaa ili paji la uso liwe wazi, akanikataza kutabasamu. “Marehemu hachekicheki, binti,” alisema. Alinieleza kuwa ataongeza miaka, masharubu ya mvi, kichwa kilichonyolewa na kishungi chake, na nyama ya shingoni. Alisema, “Wewe nipe mifupa. Nyama nitaweka mwenyewe.” Akanizuia nisiangalie kazi mpaka imalizike.

Sijui kama nitaweza kukueleza nilivyojisikia siku zile. Nilikaa kimya kwenye kiti cha Baba, kwenye mwanga wa dirisha la kaskazini, nikawa kama mtu aliye katika sala. Nilikuwa nikimrudishia alichonipa. Niliona kama namzaa aliyenizaa. Fundi alikuwa akipiga soga huku akichora, na siku moja alisifu unyusi wangu wa kushoto jinsi ulivyopanda juu kuliko wa kulia. Alisema alama kama hiyo ni zawadi kwa mchoraji, kwani yeyote atakayeiona atajua mara moja ni mtu wa nyumba gani. Nilijivuna, Mama. Nilijivuna kwa unyusi.

Hipolit alikuja siku nyingine, akitetemeka kwa baridi na akiwa na habari. Mjomba alikuwa amemchagua awe mpandafarasi, yule anayevaa vazi la chuma la marehemu na kuingia kanisani juu ya farasi, avunje mkuki na kuanguka mbele ya jeneza. Kimo chake na cha Baba ni kimoja, na yeye ndiye atakayekuwa mkwe. Aliponikuta katika joho na masharubu ya manyoya ambayo fundi alinibandika kupima kivuli, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapiga goti mbele yangu akasema, “Baba mkwe, naomba mkono wa binti yako.” Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba binti yangu hapewi mtu mwenye matope viatuni. Tulicheka sote wawili. Fundi peke yake hakucheka. Alitutazama, mmoja kisha mwingine, kisha tena mmoja, halafu akaniambia nirudi kukaa. Nilidhani amekerwa na kelele. Watu husema wapendanao huishia kufanana, nasi utani huo tulikwisha kuuzoea.

Kazi ilipokamilika tuliitwa ukumbini. Mjomba alisimama na kikombe mkononi. Fundi akaliinua bamba kwa majivuno, akaligeuza kwetu. Nilisikia kuni zikipasuka katika jiko. Kisha Bibi Petronela akafanya ishara ya msalaba, akauliza kwa sauti ndogo, “Yesu na Maria! Bwana Onufry naye amekufa lini?”

Nikatazama. Sikumwona Baba. Sikujiona hata mimi. Aliyekuwa pale ni jirani yetu Onufry Modrzycki, na pua yake nyembamba, na mdomo wake wa kubana upande, na unyusi wake wa kushoto umepanda. Alikuwa amevaa joho la baba yangu, amefunga mshipi wa baba yangu, ananitazama. Fundi hakumjua mtu huyo, Mama. Hajapata kumwona. Alikuwa amechukua uso wangu tu, akauzeesha.

Mjomba aliwafukuza wote, akafunga mlango, tukabaki watatu. Hakunitazama machoni. Alinyoosha kidole kwenye bamba akamwagiza fundi aushushe unyusi, aipanue pua, anenepeshe mashavu, ageuze macho yawe ya buluu. Fundi akanuna. Alisema yeye amechora kilichokuwa mbele yake. Wakitaka uongo atauchora, lakini hautakauka kabla ya mazishi. Mjomba akamwambia achore. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo: “Kitanda hakizai haramu. Wewe umezaliwa kwenye kitanda cha Bonawentura Olszycki, basi, yamekwisha.” Nikamuuliza, na harusi? Akasema harusi iko pale pale, mashamba mawili yatakuwa moja, na nikifungua mdomo jina la mama yangu litaokotwa na kuku uani. Nilimwambia kwamba kitanda kinaweza kufunika jina, lakini hakifuniki damu mbele ya altare. Akaniuliza kama masista walinifundisha kusoma ili nije kumtukana mama yangu.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilianza kuelewa kwa nini ulikuwa ukitoka chumbani kila Hipolit aliponishika mkono. Na bado nilitafuta njia ya kutoelewa. Nilijiambia kwamba uso ni uso tu, kwamba fundi alikosea, kwamba unyusi haushuhudii kitu. Kila nilipopita kwenye kioo nilikuwa nikiushusha kwa kidole.

Nilijaribu kumwambia Hipolit. Nilimchukua hadi kwenye bustani, tukasimama kwenye theluji kati ya miti, na nikamwambia kwamba picha niliyomkalia Baba ilitoka inafanana na baba yake. Mdomo wangu haukuweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Alicheka. Alisema wazee wote wenye masharubu wanafanana, hata mfalme ukimnyoa kichwa utamdhania mwuza samaki wetu. Akasema ninaogopa harusi, na kwamba mabibi harusi wote huona mizuka. Akanibusu kwenye paji la uso, Mama, pale pale juu ya unyusi. Nikamwomba aje alione bamba. Akaja. Lakini fundi alikuwa amemaliza kuligeuza, na tuliyemwona alikuwa mtu mnene wa macho ya buluu ambaye hajawahi kuzaliwa popote. Hipolit akainama kwake kwa heshima, akanikonyeza.

Sasa nikueleze kanisani.

Wageni walijaa mpaka nje. Mishumaa ilikuwa mingi hata kuta zilitoa jasho. Jeneza lilikuwa juu ya jukwaa lililofunikwa kwa kitambaa chekundu, na bamba lilikuwa limepigiliwa mahali pake, limefunikwa kitambaa cheusi tangu jana yake ili vumbi lisishike rangi mbichi. Bwana Onufry alikaa katika benchi la kwanza upande wa kulia, amekonda, amevaa joho la msiba. Mimi nilikuwa upande wa kushoto na wanawake. Padre Cyriak alihubiri sana kuhusu ukoo unaozimika. Alipomaliza, tarumbeta zikapigwa, na Mjomba Kajetan akaenda mwenyewe mbele akakivuta kitambaa. Alikivuta akiwa amewatazama watu, mgongo wake ukiwa kwa bamba, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuona.

Kisha nikasikia kama upepo unapita kwenye nafaka: vichwa vilikuwa vikigeuka kutoka kwenye jeneza kwenda kwenye benchi la kwanza, kutoka kwenye benchi kurudi kwenye jeneza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, “Mbona tunamzika aliye hai?” Mwingine akamwambia, “Nyamaza wewe, hesabu miaka.” Na kabla Mjomba hajageuka, milango mikubwa ikafunguliwa, farasi akaingia.

Hipolit hakujua kitu. Kofia ya chuma ilikuwa imemfunika uso. Kwato zililia juu ya mawe, watu wakapisha, akamwendesha farasi mpaka mbele, akauvunja mkuki kwenye ngazi ya altare, akajitupa chini kwa kishindo kama desturi inavyotaka. Alipaswa kulala hivyo, amekufa, mpaka watumishi waje kumbeba. Alilala. Kisha akainua kichwa kidogo, kwa kuwa alikuwa ameangukia upande ule ule wa bamba. Nilimwona akitulia. Halafu akasimama.

Watu walipiga kelele, kwa sababu anayeigiza maiti hasimami. Yeye alisimama, akaivua kofia, akautazama uso wa baba yake juu ya jeneza la baba yangu. Akamtazama Bwana Onufry, ambaye alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kisha akanitazama mimi. Mama, macho yale sikuwahi kuyaona na sitayasahau. Aliona unyusi wangu akaujua. Akaweka kofia sakafuni polepole, kana kwamba kuna mtu amelala, akatoka kwa miguu. Farasi alibaki amesimama peke yake mbele ya altare.

Mjomba anasema fundi alituuza. Amewaambia watu hivyo, na nusu wanaamini. Fundi hakufanya kitu. Ni mimi. Siku iliyotangulia mazishi, wageni walipokuwa mezani na sauti zao zikitikisa sahani, nilichukua kitambaa na chupa ya tapentaini, nikaingia katika chumba cha Baba ambamo bamba lilikuwa likikauka, nikaufuta uongo. Ulikuwa bado mbichi, ulitoka kama uji mzito unaobanduka sufuriani. Chini yake rangi ya kwanza ilikuwa imekauka vizuri, haikudhurika. Macho ya buluu yalikwenda na kitambaa, yakatoka ya kahawia. Unyusi ukapanda juu. Nikafunika kitambaa cheusi nikarudi mezani, nikala supu.

Ningeweza kukuambia kuwa nilitaka Hipolit peke yake aone, nikasahau kwamba kanisa litajaa. Nitakuwa nasema uongo. Sikusahau. Nilikuuliza wewe, ukanipa sala. Nilimwomba Mjomba, akanipa methali. Nilimwambia Hipolit, akanipa busu. Kila mlango ulikuwa umefungwa, na Pasaka ilikuwa inakuja. Lakini pia nilikuwa na hasira, na hasira ilishika kitambaa kwa nguvu kuliko mimi. Mjomba ananiambia kwamba nilimvua mama yangu nguo mbele ya wilaya nzima. Ni kweli. Sikuombi unisamehe haraka.

Hipolit amekwenda kujiunga na jeshi la mpakani. Hakuacha neno. Bwana Onufry alikuja siku ya pili, akasimama kwenye theluji mbele ya mlango na kofia mkononi, na Mjomba hakumkaribisha ndani. Nilimuuliza nikiwa kwenye ngazi jambo moja tu: alijua, siku Baba alipoiweka mikono yetu pamoja? Alisema aliwahi kuhesabu miezi, na kwamba mtu akitaka sana, miezi hukubali kuhesabiwa vibaya. Kisha akalia, akazeeka mbele ya macho yangu, na nikaona bila kupenda jinsi mimi nami nitakavyozeeka. Harusi haipo tena. Hilo limekwisha, wala hutahitaji kulizuia.

Mjomba alilibandua bamba kwa mikono yake akalitumbukiza mtoni chini ya barafu. Baba ameingia katika kaburi la ukoo wake bila uso, nyuma ya mababu ambao wote wanatazama. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimefikiri sana kama alijua. Naamini hakujua. Mtu anayejua hawezi kumshika mtoto kidevu kwa furaha ile. Alikufa akiamini kwamba ameuacha uso wake duniani, kumbe hakuacha. Fundi Walenty ameniuliza kwa upole nani atamkalia tena. Katika dunia hii hakuna mtu aliyebaki mwenye hata kipande cha uso wa Baba.

Kwa hiyo nimemtuma kwako. Ndiye anayekuletea barua hii, na ndani ya mzigo wake kuna bamba jipya la pembe sita na rangi zake. Wewe uliishi na Baba miaka yangu yote na zaidi. Ulimkata nywele, ulimfumba macho. Kaa mbele ya fundi, Mama, umweleze pua ilivyokuwa, na macho kama yalikuwa ya kijivu au ya buluu, na upande gani wa mdomo ulianza kucheka. Mwambie bila kuharakisha. Akikosea, mfutishe aanze tena. Hujanijibu nilichokuuliza, na sasa sihitaji, ila nijibu hili. Mtazame kwa mara ya mwisho, na safari hii mtazame yeye.

Bibi Petronela anakutumia uyoga uliokaushwa na soksi za sufu, anasema uzivae hata mchana. Padre Cyriak anakuombea kila Misa, na anakuombea kwa dhati, si kama wengine. Jifunike vizuri, upumzishe miguu. Bamba likikauka, litume, nitashuka mwenyewe kaburini kulipigilia.

Nakubusu mikono.

Ni mimi, binti yako, na binti ya Bonawentura,
Apolonia Olszycka